Uthibitisho wa hati za ng'ambo, Kisii na Nyamira

Hati ya mtu binafsi inayokwenda kutumika nje ya Kenya huanzia, mara nyingi, kwa notari wa umma: wakili aliyeteuliwa na Jaji Mkuu kushuhudia saini, kuapisha na kuthibitisha nakala. Sheria yake ni Sura ya 17 ya Sheria za Kenya, inayomtaka mwombaji awe wakili wa miaka isiyopungua 5. Kamishna wa viapo ana sheria yake, Sura ya 15, ingawa katika ofisi nyingi za mawakili mtu ni yuleyule na mihuri miwili iko mezani. Cheo cha notari kilikuja na ukoloni. Huko Uingereza mamlaka ya kukitoa yalikuwa ya Papa, yakahamia kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwa sheria ya 1533.

Wateja wa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, ni jamaa za waliohamia Marekani, jimbo la Minnesota hasa, pamoja na vijana wanaotafuta vyuo au kazi za Ghuba. Mzazi huleta idhini ya mtoto kusafiri, mhitimu huleta shahada.

Kazi inayojirudia kuliko zote ni afidaviti ya majina. Mmoja huandikwa jina la ubatizo mwanzoni katika cheti cha mtihani wa sekondari (KCSE) na mwishoni katika kitambulisho. Jina la baba lipo hapa, pale halipo. Kisha kuna kile king'ong'o cha lugha ya Ekegusii: Ong'era wa cheti cha kuzaliwa anageuka Ongera katika pasipoti, na afisa wa mbali anaona watu wawili. Kiapo husema ni mtu mmoja. Mwenye kuapa asipojua kusoma, maandishi husomwa na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa, jambo hilo likaandikwa chini ya kiapo, naye akaweka dole gumba. Kumharakisha bibi atie dole kabla ya kusomewa ni kukiharibu kiapo chenyewe.

Muhuri wa notari hauthibitishi kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Unasema tu kwamba mtu huyu alifika, akajulikana, akatia saini, au kwamba nakala inalingana na asili. Wengi huulipia wakidhani safari imekwisha.

Ili kurahisisha hatua zinazobaki, Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 uliweka cheti kimoja, apostili, kinachokubaliwa kati ya nchi wanachama. Burundi imo, Rwanda iliingia rasmi Juni 2024, lakini hadi mwisho wa mwaka huo Kenya haikuwa imejiunga. Kwa hiyo hati hupanda ngazi: saini ya notari huthibitishwa na Msajili wa Mahakama Kuu, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi iendako. Vyeti vya shule hupitia kwanza kwa waliovitoa na mamlaka za elimu. Mahakama Kuu ina vituo Kisii na Nyamira, ila wizara na balozi ziko Nairobi, kilomita 300 hivi, na hapo ndipo nauli inapozidi ada ya wakili.

Si kila hati inahitaji hayo. Kwa viza za familia, Marekani hutaka cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na msajili mwenyewe, bila muhuri wa notari. Ulizia ubalozi kwanza, ndipo umwendee wakili.