Owino Uhuru: Sumu Iliyopewa Kibali

Maovu ya makampuni husimuliwa mara nyingi kana kwamba mkosaji ni mmoja tu, yaani mwenye kiwanda. Kisa cha Owino Uhuru, mtaa wa mabanda jijini Mombasa wenye wakazi wapatao 3,000, chatulazimu kuutazama pia muhuri wa serikali.

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, ili kupata madini ya risasi, kilianza kazi ubavuni mwa mtaa huo. Moshi wake uliingia majumbani, na maji yake machafu yakatiririka walimocheza watoto. Madini hayo yakiingia mwilini hudhuru ubongo wa mtoto, huharibu figo, na huweza kusababisha mimba kuharibika.

Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aligundua kwamba damu ya mwanawe mchanga ilikuwa na sumu hiyo. Aliacha kazi, akaungana na wakazi kudai kiwanda kifungwe. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, kisha mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na udongo usafishwe. Hukumu hiyo haikuibebesha kampuni peke yake mzigo huo. Wizara zilihusishwa, na sehemu kubwa kuliko zote iliangukia NEMA, mamlaka iliyoundwa kulinda mazingira. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo mwaka 2023; Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024, miaka 17 tangu tanuri la kwanza liwashwe.

Kwa nini mlinzi alipe kuliko mkosaji? Kwa sababu mwenye kiwanda hufuata faida, na sheria ilikwisha kulitambua hilo. Ndiyo maana ikampa mtumishi wa umma uwezo wa kukagua, kukataa na kufunga. Asipoutumia, sumu hupata uhalali, na mama anayelalamika ndiye huonekana mhalifu.

Ndugu mtumishi wa umma, kibali unachokitia saini leo kina watu upande wa pili wa ukuta. Nawe mwanafunzi, ukiisoma historia hii, usiishie kwenye jina la kampuni. Uliza pia nani aliidhinisha, lini, na baada ya ukaguzi gani.