"Poll": Kichwa Kilichohesabiwa kwa Kodi Kabla ya Kura

Ndugu msomaji, kila msimu wa uchaguzi ukifika, magazeti ya Kiingereza ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hujaa neno "poll". Yumkini umelizoea kwa maana ya uchaguzi, au uchunguzi wa maoni ya watu. Lakini asili yake haikuhusu uchaguzi hata kidogo. Katika Kiingereza cha zama za kati, "poll" lilikuwa kichwa, hasa utosi penye nywele.

Kichwa hicho kikazaa maana nyingine. Kiluwiluwi huitwa "tadpole", yaani chura aliye kichwa. Kupunguza nywele au kukata kilele cha mti nako kukaitwa "poll", na ng'ombe asiye na pembe akaitwa "polled". Hata hati ya kubadili jina, "deed poll", imetoka humo: hati ya mtu mmoja ilikatwa ukingo ukawa sawasawa, kama nywele zilizonyolewa, ilhali mkataba wa watu wawili ulikatwa ukingo wa meno ili nakala zake zioane.

Baadaye serikali ikaja kuhesabu vichwa. Mwaka 1377 Uingereza ilitoza kodi ya kichwa, "poll tax", na mwaka 1380 Bunge likaidhinisha nyingine iliyo nzito zaidi. Tajiri na maskini walihesabiwa kichwa kimoja kimoja, na maskini ndiye aliyeumia. Mwaka 1381 wakulima wakaasi, wakaingia London wakiongozwa na Wat Tyler, ambaye aliuawa mbele ya Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14.

Ilipofika karne ya 17 ndipo neno lilipohamia kwenye kura. Wapiga kura walihesabiwa mmoja mmoja, na hesabu hiyo ya vichwa ikaitwa "poll".

Zingatia mpangilio huo, msomaji wangu: kodi kwanza, kura baadaye. Historia hiyo ilijirudia kwetu. Kenya ilianza kutozwa kodi ya nyumba mwaka 1901. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba. Ililipwa kwa fedha taslimu, nayo ikawasukuma vijana kwenda kutafuta vibarua katika mashamba ya walowezi. Tanganyika nayo ikapata sheria ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922.

Je, vichwa hivyo vilihesabiwa lini kwa kura? Waafrika wa Kenya waliwachagua wajumbe wao 8 wa Baraza la Kutunga Sheria mwezi Machi 1957, miaka 47 baada ya kodi ya kichwa. Hata hapo hawakuhesabiwa sawa. Elimu, mali na kipato viliweza kumpa mtu mmoja hadi kura tatu, na wengi wakakosa hata moja. Tanganyika, katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura aliyetimiza masharti alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kwa mtoza kodi, kichwa kilikuwa kichwa. Kwa msimamizi wa uchaguzi, kiliulizwa kwanza kimesoma wapi na kina nini.

Kiswahili chetu kimepita njia nyingine. "Kura" limetoka katika Kiarabu, nalo ni lile lile la kuamua jambo kwa bahati: watu hupiga kura kujua nani atangulie. Hivyo katika asili, Mwingereza huhesabu vichwa, nasi hutupa bahati.

Yatupasa kuyashika yote mawili kwa tahadhari. Uchaguzi wa haki hauendeshwi kwa bahati. Huendeshwa kwa hesabu, na hesabu hiyo haina kichwa kikubwa wala kidogo. Leo kila ununuapo sukari au sabuni unalipa kodi, na hakuna akuulizaye kiwango cha elimu yako. Basi daftari la wapiga kura likifunguliwa, nenda ukahakikishe kwamba kichwa chako kimo.