Mto Msimbazi unadai kiwanja chake

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuanze safari yetu mbali kidogo, kwa samaki ambaye wengi wetu tumemwona ndani ya kopo tu. Anaitwa samoni. Samaki huyu huzaliwa katika vijito vya maji baridi, akishapata nguvu huteremka baharini, hukaa huko miaka kadhaa, kisha hurudi kwenye mto ule ule aliozaliwa ili naye atage mayai. Katika pwani ya magharibi ya Marekani, mito ya samoni zamani haikuwa na njia moja. Kando ya mkondo mkuu palikuwa na mikono midogo midogo yenye maji ya taratibu, magogo yaliyoanguka na majani. Mafuriko yalipopita kwa kishindo katikati, watoto wa samaki walikuwa wamejibanza pembeni, wanakula na kukua.

Wakaja watu wenye haraka. Wakanyoosha mito, wakajenga kingo, wakaondoa magogo, wakafukia mikono ya pembeni ili wapate mashamba na viwanja. Kwenye Mto Elwha, katika jimbo la Washington, yakajengwa mabwawa mawili ya umeme, moja likakamilika mwaka 1913 na jingine mwaka 1927. Samoni akawa anafika ukutani na kugota hapo. Ilipita karibu karne nzima kabla mabwawa hayo hayajabomolewa, kazi iliyoanza mwaka 2011 na kumalizika mwaka 2014. Na katika mito mingine ya huko, watu wenye elimu zao leo wanachimba upya mifereji ya kando na kurudisha magogo majini. Yaani babu alilipwa afukie, na mjukuu analipwa afukue.

Utaniuliza, samoni na Kigogo wapi na wapi? Subiri kidogo, ndugu yangu.

Sisi nasi tunao samoni wetu. Watu wa Ziwa Viktoria wanamfahamu ningu. Samaki huyu hakai ziwani mwaka mzima. Mvua za masika zikijaza mito kama Kagera, Mara na Nzoia, ningu hupanda mtoni na kutaga katika majani yaliyofunikwa na maji, pembeni mwa mto, siyo katikati. Tangu mwaka 1905 nyavu za makila zilipoingizwa ziwani, hatimaye watu wakajifunza kuzitega kwenye midomo ya mito, wakati ningu wanapanda kwa makundi wakiwa na mayai tumboni. Ilipofika miaka ya 1950 na 1960, samaki aliyekuwa riziki kubwa alikuwa amebaki wa kuhesabika. Aliyekula ningu mmoja mwenye mayai alikuwa amekula na ningu wa mwakani.

Na wenzetu wa Rufiji wanajua zaidi. Rufiji ukifurika, maji huingia katika mabwawa yaliyo pembeni mwa bonde, perege na kambale huingia humo kuzaliana, na maji yakirudi huacha udongo wenye rutuba ambao watu huulima kilimo cha mlau. Mrufiji wa zamani hakuogopa mafuriko ya kawaida. Alijenga dungu lake juu ya nguzo, akangoja. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali ilianzisha Operesheni Rufiji, na kuanzia mwaka 1969 watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya miinuko. Nia ilikuwa kuokoa maisha. Lakini shamba lilibaki bondeni, na mtu akahamia mlimani. Ngedere na nguruwe wakapata sherehe. Wengi wakawa wanateremka bondeni msimu wa kazi, maana huko ndiko kilikokuwa chakula. Naomba tuiweke kumbukumbu hiyo mfukoni, tutaihitaji mbele.

Sasa turudi nyumbani. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, unateremka kiasi cha kilomita 35, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, unaingia Jangwani kati ya Magomeni na Kariakoo, kisha unapita katika mikoko na kumwagikia baharini penye Daraja la Selander. Kwa miaka mingi mto huu umekuwa mpaka wa Kinondoni na Ilala. Jina Jangwani lenyewe ni kichekesho: mahali penye maji kuliko pote mjini tumepaita jangwa! Wapenzi wa Yanga, klabu iliyozaliwa mwaka 1935 na yenye makao yake pale pale, wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Watani wao wa Simba hawakuwaita vyura bure.

Sisi tuliokulia Magomeni tunakumbuka kwamba bonde lile lilikuwa na kazi yake. Kiangazi lilikuwa la mipira, mchicha na matembele. Masika lilikuwa la mto. Maji yakipungua, watoto waliingia kwenye madimbwi kwa ndoo na vyandarua kuukuu kutafuta kambale, na mama alipika bila kuuliza sana wametoka wapi. Hakuna aliyetuambia kwamba yale madimbwi ni mikono ya mto, kwamba ndiyo yanayopunguza kasi ya maji kabla hayajafika darajani. Tuliyaona tu kuwa yapo.

Waliochora ramani za mji waliyajua hayo. Ramani kuu za Dar es Salaam zimetolewa mwaka 1949, mwaka 1968 na mwaka 1979, na bonde la Msimbazi halikupangwa kuwa eneo la nyumba za watu. Lakini ramani ni karatasi, na mtu anahitaji paa. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu kiasi cha watu 273,000 katika mji huu. Mwaka 1978 walikuwa zaidi ya 843,000. Mwaka 1988 tukapita milioni moja na laki tatu, na mwaka 2022 tukapita milioni tano na laki tatu. Watu hawa wote walilala wapi?

Katika miaka ya 1970 ulikuwapo mradi wa viwanja na huduma, uliotupatia Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na ukatengeneza barabara na mabomba katika mitaa iliyokwisha kujengwa kama Manzese. Ulikuwa mwanzo mzuri. Lakini haukuwahi kwenda kwa mwendo wa watu waliokuwa wakishuka katika treni na mabasi. Aliyekosa kiwanja Sinza alinunua kipande Kigogo bondeni, kwa mashahidi wawili na karatasi ya daftari. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mwenye mali halisi alikuwa mto.

Na si mlalahoi peke yake aliyeingia bondeni. Viwanda viliingiza maji yao machafu. Jiji lenyewe lilifanya bonde la Tabata kuwa jalala. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988, wakashinda, na baada ya vuta nikuvute ya miaka kadhaa jalala likaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sitaki tulisahau jambo hilo. Watu wa kawaida wa mjini, wenye macho mekundu kwa moshi wa taka, waliuambia mji wao kwamba bonde si pipa, na sheria ikawasikiliza. Lakini taka zile hazikwenda mbali. Zikahamia Vingunguti, ambako bado ni bonde la mto huo huo.

Jambo la pili lisilofaa kusahauliwa ni la Hananasif, pale Kinondoni. Katikati ya miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif walijenga mifereji ya mvua na barabara za mtaa wao kwa mikono yao wenyewe, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, wataalamu wa chuo cha ardhi na wafadhili wengine. Wakazi ndio waliochagua kamati, ndio waliopewa kazi na ujira. Maji yaliyokuwa yakilala vyumbani yakapata njia ya kuteremkia mtoni. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mkazi wa uswahilini hajui kutunza mfereji. Anajua, iwapo mfereji ni wake.

Lakini fikiri pamoja nami. Kila mfereji unaojengwa juu huharakisha maji kuelekea chini. Kila paa la bati na kila barabara ya lami kutoka Pugu hadi Ubungo humnyima udongo nafasi ya kunywa. Na huko chini, mahali ambapo mto ulikuwa ukijinyoosha, kuna nyumba, gereji na kifusi. Maji mengi zaidi, yanakuja upesi zaidi, yanakuta nafasi ndogo zaidi. Hesabu hiyo haihitaji profesa.

Jibu lake tulilipata Desemba 2011. Mvua iliyonyesha siku zile ilitajwa kuwa kubwa kuliko zote zilizopimwa jijini tangu mwaka 1954. Watu wapatao 40 walipoteza maisha. Tuliona wenzetu juu ya mapaa, na godoro na sufuria zikielea Jangwani. Walionusurika wakapelekwa Mabwepande, kaskazini kabisa mwa Kinondoni, kwenye mahema na viwanja vipya. Nafasi ilikuwapo, hewa ilikuwapo, ila Kariakoo haikuwapo. Mama aliyekuwa akiuza maandazi na kibarua aliyekuwa akibeba mizigo sokoni, nauli ya kwenda na kurudi iliwamaliza. Baadhi yao wakarudi bondeni. Je, msikilizaji, hukumbuki niliyokuambia uyaweke mfukoni? Ni Rufiji ile ile: mtu amepelekwa mlimani, chakula kimebaki bondeni.

Mwezi Desemba 2015 yakaja matingatinga, na alama nyekundu ya X ukutani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe. Sheria ni nzuri, nami naiunga mkono. Lakini mtoto aliyekuwa akiangalia chumba chao kikigeuzwa kifusi hakuwa amezaliwa wakati baba yake anauziwa kipande kile mbele ya macho ya kila kiongozi wa mtaa. Kifusi chenyewe kikabaki bondeni na kuuziba mto. Aidha, hata wakubwa hawakupona. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, karakana yake ilikuwa Jangwani, na mto umeikumba mara kadhaa. Mto hausomi kibao cha mwenye nyumba.

Kuanzia mwaka 2018 wataalamu, viongozi na wakazi walikaa pamoja kuchora upya bonde hili, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza. Ukiisoma mipango yake, utaona ni yale yale ya samoni: kupanua mto na kuuongezea kina, kuurudishia nafasi ya kutandaa wakati wa mvua, kurudisha mikoko mdomoni, na kuinua barabara ya Jangwani kwa daraja refu ili maji yapite chini yake. Sehemu ya bonde imepangwa kuwa bustani ya watu wote. Kwa lugha nyingine, mto umedai kiwanja chake, na safari hii waliochora ramani wamekubali kuuonyesha mipaka.

Mimi nasema ni jambo jema, na limechelewa. Lakini deni la mto lisilipwe kwa kumkopa maskini. Habari za fidia zimekuwa gumzo la vijiwe vya kahawa, na swali ni rahisi: pesa anayopewa mtu wa Kigogo au Mkunguni inatosha kumnunulia mahali ambapo si bonde jingine? Kama haitoshi, basi tunamtoa Msimbazi na kumpeleka Mto Kizinga, kule Temeke, ama vijito vya Mbagala, ama Mto Mbezi. Tutakutana naye tena baada ya miaka 20, akiwa juu ya bati, na sisi tukiwa na mkopo mwingine.

Na hao akina Kizinga na Mzinga ndio hofu yangu kubwa. Msimbazi tumeshauumiza, tunalipa ili upone. Mto Kizinga unalisha mtambo wa maji wa Mtoni, na Mzinga bado una mikoko yake. Huko Temeke mikono ya mto ingali inaonekana kwa macho, ingawa kila mwaka kifusi kinaisogelea. Kuiwekea alama leo ni kazi ya wapima ardhi wachache, vigingi vya saruji na mwenyekiti wa mtaa asiyekubali kushuhudia mauzo ya maji. Kuichimba upya kesho ni kazi ya mabilioni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na ukuta wenyewe tumeshauona bei yake Jangwani.

Sijui kama kambale watarudi Msimbazi kwa wingi ule tuliowakuta sisi. Ninachojua ni kwamba maji hufuata mkondo, na hayajawahi kusahau njia hata moja. Ndugu yangu unayetaka kununua kiwanja Jumamosi hii, kabla hujatoa pesa, nenda kakitazame mwezi wa Aprili mvua inaponyesha. Muulize jirani mkongwe maji hufika wapi. Asipokuwapo jirani mkongwe, jiulize kwa nini.

Tukutane wiki ijayo, saa kama hii.