Habari za Kuosha Vyombo

Msomaji, huenda umepata kusoma habari za Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko aliyefika Mombasa mwaka wa 1331. Wengi humkumbuka kwa sababu ya aliyoyasimulia juu ya Kilwa na ukarimu wa sultani wake. Mimi hupendezwa zaidi na jambo dogo alilolitaja alipokuwa Mombasa. Alisema kwamba penye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, wala havikwenda chini sana, na watu waliteka maji kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba chenye urefu wa dhiraa moja. Mwenye kutaka kuingia aliosha miguu kwanza, kisha akaipangusa kwenye kipande cha mkeka mgumu kilichowekwa mlangoni. Ukienda pwani leo utaiona kata, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, ikiteka maji mtungini. Nayo ni ndugu wa chombo kile alichokiona mgeni karibu miaka 700 iliyopita.

Nalitaja jambo hili kwa kuwa ni nadra sana wasafiri wa kale kutueleza jinsi watu walivyosafisha miili yao na nyumba zao; na juu ya vyombo vya kulia karibu hawasemi neno. Huko Mogadishu, Ibn Battuta aliandaliwa wali wenye samli katika sinia kubwa la mti, pamoja na kuku, nyama, samaki na mboga, na kando yake ndizi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, tangawizi mbichi na maembe. Ametuhesabia kila kitoweo. Je, sinia lile lenye samli lilioshwa na nani, na kwa kitu gani? Hasemi. Mgeni hula sebuleni, jikoni haingii, na kazi ya jikoni ikawa haina mwandishi.

Basi yatupasa kuyauliza magofu. Karibu na Malindi uko mji wa Gedi, ulioachwa na wenyewe katika karne ya kumi na saba, na ambao mwaka wa 2024 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka wa 1948, akakuta visima, vyoo, mahali pa kuogea, na vigae vya vyombo vilivyotoka Uchina na nchi za Kiislamu. Nyumba moja ameiita Nyumba ya Bakuli ya Kaure, na nyingine Nyumba ya Birika. Majina hayo mawili yatutosha kujua kwamba tajiri wa Gedi alikuwa na chombo cha thamani cha kulia na maji ya kutosha chini ya dari lake. Katika nyumba za kale za Lamu birika lilijengwa ndani ya chumba cha kuogea, na chini kabisa likapachikwa bakuli la kaure ili kata isikwaruze sakafu. Samaki wadogo waliwekwa humo wakala viluwiluwi vya mbu. Sahani nzuri zilipangwa ukutani katika zidaka. Wala mwenye sahani iliyovuka bahari mbili hangeiacha isuguliwe kwa mchanga kama chungu.

Chungu kilikuwa na dawa yake nyingine. Hebu ingia katika jiko la mtu wa kawaida, liwe la pwani au la bara, uone alivyokuwa navyo vya kusugulia. Pwani yalikuwako makumbi ya nazi na mchanga mweupe. Kwenye migomba, majani makavu yaliyofumbatwa mkononi. Kwenye bustani, dodoki lililokauka. Uko pia mti uitwao msasa, wenye majani makavu yakwaruzayo mkono, ambayo watu waliyatumia kung'arisha mbao na kusugulia vyombo. Fundi wa leo anunuapo karatasi ya msasa dukani, sijui kama akumbuka kwamba amenunua jina la mti. Sinia na birika za shaba zilisuguliwa kwa ndimu au ukwaju, kwa maana uchachu huondoa kutu ile ya kijani. Na mama apikaye kwa kuni huipaka sufuria majivu au udongo kwa nje kabla hajaiteleka, ili masizi yashike ule udongo yasishike bati. Akimaliza, humwagia maji yakaondoka yote pamoja. Hiyo ni akili iliyotangulia kazi.

Lakini katika vitu vyote hivyo, ajabu zaidi ni majivu. Wanafunzi wangu wa ualimu hucheka nisemapo hivyo, kwa kuwa wengi wao waona majivu ni alama ya umaskini. Tutazame basi yafanyavyo kazi. Majivu ya kuni yana chumvi iitwayo potasi. Ukiyatia maji, hasa maji ya moto, chumvi ile huyeyuka na maji yakawa ya utelezi, tena makali kwa ngozi. Maji hayo yakikutana na mafuta yaliyogandamana chunguni, mafuta huanza kugeuka kuwa sabuni. Nayo mafuta yasiyogeuka huachia chungu yakachukuliwa na maji, huku chembe za majivu zikikwangua ukoko. Kwa hiyo bibi aliyesugua chungu chenye mafuta kwa majivu na maji moto alikuwa akipika sabuni kidogo ndani ya chungu kile kile.

Sabuni yenyewe haikuanza kwa njia nyingine. Plinio, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, alieleza kwamba watu wa Galia walitengeneza kitu kiitwacho sapo kwa shahamu na majivu. Lakini walikitumia kutia nywele rangi! Jina lilikwenda likizunguka, Waarabu wakaliita sabun, nasi tukalipokea kwao. Miji ya Aleppo na Nablus ilipata sifa kwa sabuni ya mafuta ya zeituni. Ilikuwa bidhaa ya wenye nacho, kwa kuwa majivu mazuri ya kuipikia yalikuwa haba, hata mwaka wa 1791 Nicolas Leblanc wa Ufaransa alipopata hati ya kutengeneza magadi kwa chumvi ya kawaida. Mapinduzi yalimnyang'anya kiwanda chake, naye akajiua mwaka wa 1806. Huko Uingereza sabuni ilitozwa kodi mpaka mwaka wa 1853. Hapo ilipofutwa, na viwanda vikawa vingi, ndipo kipande cha sabuni kilipoanza kuingia katika nyumba za vibarua. Nawe ukumbuke, msomaji, kwamba wakati huo wote magadi aliyoyahangaikia Leblanc yalikuwa yamelala yametanda kama theluji katika ziwa la Magadi, kusini mwa Nairobi, na Wamasai wakipita kando yake na ng'ombe wao. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka wa 1911.

Wako na watu waliosafisha chombo bila majivu ya kusugulia wala sabuni. Wakalenjin huhifadhi maziwa yao, mursik, katika kibuyu. Kibuyu kina shingo nyembamba, mkono haupiti, na sabuni ingeyaharibu maziwa. Basi hukisugua ndani kwa ufito wa mtende uliopondwa ncha ukawa kama brashi, kisha hukisugua tena kwa kijiti cha moto cha mti wa senetwet mpaka ndani pote pakawa na mkaa. Wamasai hufanya kazi hiyo hiyo kwa moto wa mzeituni mwitu. Joto na moshi huua vijidudu vingi na kuyapa maziwa harufu wanayoipenda wenyewe. Wageni wa zamani waliona weusi ndani ya kibuyu wakaandika kwamba watu hawa ni wachafu. Walihukumu kwa macho, na macho hayaoni kijidudu.

Hata hivyo nisije nikakufanya uamini kwamba wazee walijua kila kitu. Hakuna taifa lililojua kwa nini chombo kichafu huua, hata karne ya kumi na tisa ilipokuwa imepita nusu. Mwaka wa 1847 mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba katika wodi yake ya wazazi, mwezi wa Aprili, walikufa wanawake 18 hivi katika kila 100. Akawaamuru madaktari waoshe mikono kwa maji ya klorini watokapo kupasua maiti; hata Juni vifo vilikuwa 2 hivi katika kila 100. Madaktari wenzake wengi walikasirika kuambiwa kwamba mikono ya waungwana ina uchafu. Alikufa mwaka wa 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kabla dunia haijamwamini.

Na kwetu, miaka minne tu baada ya kufa kwake, kipindupindu kiliingia Unguja. James Christie, daktari aliyekuwa akikaa huko, alifuatia nyayo zake na kuandika kitabu kilichotoka mwaka wa 1876: ugonjwa ule haukuja kwa jahazi bali ulishuka kutoka bara, kwa njia za misafara, ukapita nchi ya Wamasai na kutokea Pangani, kisha ukavuka. Robert Koch alikuwa hajakionyesha kijidudu chake. Alikionyesha mwaka wa 1884. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka wa 1870 mpaka 1888, aliwaletea watu wa mjini maji ya chemchemi kwa mabomba. Katika kazi zake zote, pamoja na majumba na saa kubwa, mimi naona hiyo ndiyo iliyookoa roho nyingi, ingawa watalii hawaipigi picha.

Hapo ndipo napenda tusimame kidogo. Vya kusugulia watu walivipata kila mahali, na cha kukata mafuta vilevile, kikiwa majivu, magadi au sabuni. Cha tatu ni maji, na hicho hakikugawanywa sawa hata siku moja.

Mtazame Josephine Cochrane wa Shelbyville, Marekani. Alikuwa mwanamke mwenye mali, akachoshwa na watumishi kumvunjia sahani zake za kaure, akabuni mashine ya kuoshea vyombo, na mwaka wa 1886 akapata hati yake. Mwaka wa 1893 aliionyesha katika maonyesho makubwa ya Chicago. Walioinunua walikuwa mahoteli, si akina mama wa nyumbani. Kwa kuwa, licha ya bei yake, mashine ilitaka maji ya moto mengi kuliko yaliyopatikana katika nyumba nyingi za Marekani wakati ule. Ilikuwa na kila kitu ila mto wa kuilisha.

Kosa hilo hilo lilifanywa Kenya, si kwa mashine bali kwa mafundisho. Chuo cha Jeanes kilifunguliwa Kabete mwaka wa 1925, na wake za walimu walifundishwa humo kupika, kulea na kutunza nyumba. Mwaka wa 1952 kikaanzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake, nacho kilifundisha usafi vijijini. Mengi yaliyofundishwa yalikuwa mema. Kuanika vyombo juu ya uchanja, mbali na kuku na mbwa, vikauke kwa jua badala ya kupanguswa kwa kitambaa kilichopangusa kila kitu, ni shauri ambalo hakuna daktari awezaye kulikataa. Lakini mara nyingi mwalimu alinena kana kwamba uchafu ni tabia mbaya iliyomo moyoni mwa mama. Nani aliyemwuliza mama yule kisima kiko umbali gani? Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20 mgongoni au kichwani, na maji yale ndiyo ya kunywa, ya kupikia, ya kuogesha mtoto. Yanayobakia ndiyo ya vyombo. Ukiwa na beseni moja, sahani ya kwanza huoshwa kwa maji na ya kumi huoshwa kwa mchuzi.

Waliouliza swali hilo kwa makini walikuwa Gilbert White, David Bradley na Anne White, ambao walikwenda mahali 34 katika Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1960, wakapima maji ya kila nyumba na safari za kuyateka. Kitabu chao kilitoka mwaka wa 1972. Bradley alionyesha kwamba yako maradhi yanayoletwa na maji machafu, na yako mengine yanayoletwa na uhaba wa maji, hata kama machache yaliyopo ni safi kama umande: maradhi ya macho, ya ngozi, na mengi ya kuhara, kwa sababu mikono na vyombo havikupata maji ya kutosha. Kwa watu hao, kuhubiri sabuni bila kuleta maji ni kumpa mtu kijiko asiye na uji.

Mwaka wa 1997 watafiti wengine walianza kurudi katika mahali pale pale. Wasiokuwa na mifereji walikuwa wakitumia maji mengi kuliko wazee wao. Lakini katika nyumba zenye mifereji, maji yalikuwa yamepungua karibu nusu. Bomba lilikuwako ukutani, limekauka sehemu kubwa ya siku. Na chini yake, jikoni, imepangwa mitungi ya plastiki iliyonunuliwa kwa mchuuzi, na beseni moja la kuoshea vyombo.