Utazamaji wa anga katika masomo ya astronomia (Same na Milima ya Pare)

Utazamaji wa anga ni sehemu ya masomo ya astronomia chuoni inayomfundisha mwanafunzi kujipatia vipimo mwenyewe: kusimika darubini, kukadiria mwangaza wa nyota, kuandika saa na hali ya hewa, na kujua kipimo chake kinaweza kukosea kwa kiasi gani. Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa shahada ya kwanza ya astronomia. Tanzania somo hili limekaa zaidi chini ya fizikia, na anayefahamika sana ni Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, aliyehamasisha wananchi kutazama kupatwa kwa jua kwa umbo la pete huko Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016. Vitabu vya mazoezi, hata hivyo, vingi vimeandikwa Ulaya na Marekani, na maelekezo yao yakifika Same huhitaji kupimwa upya.

Mji wa Same uko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, chini ya Pare Kusini yenye kilele cha Shengena (mita 2,462). Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi humwaga mvua upande wa pili wa milima, mji ukabaki mkavu. Mashariki na kusini-mashariki milima huchelewesha nyota kuchomoza. Magharibi ni wazi.

Taabu ya kwanza ni kusimika darubini. Kitabu husema: elekeza mhimili wa kitako kwenye Kutubu, Nyota ya Kaskazini. Kutoka Same nyota hiyo iko chini ya upeo, na hata aliyepanda Shengena hataiona. Ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 4 tu juu ya upeo, na nyota hafifu iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, humezwa na hewa: mwanga unaotoka kimo hicho hupita katika hewa iliyo nene mara 12 hivi kuliko ule wa utosini. Isitoshe, vitako vingi vya kiwandani haviwezi kulazwa hadi nyuzi 4, na uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa kitako. Linalobaki ni kuchagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, kutazama inateleza kaskazini au kusini kwenye lenzi, na kurekebisha kidogo kidogo. Huchosha, lakini anayejifunza hivi huelewa mwendo wa anga kuliko anayebonyeza kitufe. Kwa wanaoanza, darubini ya kioo iliyo juu ya sanduku la mbao linalozunguka inatosha.

Kwa upande mwingine, karibu anga lote huonekana. Dubhe ya Dubu Mkubwa na Wingu Kubwa la Magellan, vitu ambavyo mtazamaji wa London na wa Cape Town hawavioni vyote viwili vizuri, kila kimoja hufika kimo cha nyuzi 24 hivi, kimoja kaskazini na kingine kusini. Nyota za ikweta huchomoza zikipanda wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo katika usiku mmoja mwanafunzi hupima nyota ileile ikiwa chini kisha ikiwa karibu na utosi, akachora jinsi hewa inavyopunguza mwangaza wake. Kwa sababu hiyohiyo, njia ya jua husimama karibu wima jioni, Utaridi hutengana na mng'ao wa machweo, na mwezi mwandamo hukaa juu zaidi kuliko nchi za kaskazini. Wanaotafuta mwezi wa Ramadhani Upare hufanya, bila darubini, zoezi ambalo chuo hulipa jina la kitaalamu.

Saa nayo hudanganya. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45, ilhali Same iko karibu na 38, hivyo kwa wastani jua hufika kilele saa 6 na dakika 29 mchana. Linapopita utosini karibu na tarehe 10 Machi, ni saa 6 na dakika 39 hivi. Mwanzoni mwa Oktoba ni karibu saa 6 na dakika 18. Daftari huandikwa kwa saa za dunia: saa 3 usiku ni 18:00.

Taa za mji na za barabara kuu ya Arusha huharibu giza. Nje ya lango la Zange la Hifadhi ya Mkomazi giza ni zuri, ila tembo nao hutembea usiku, na ndani hakuingiliki bila kibali. Macho huhitaji nusu saa kuzoea giza, na tochi huwa nyekundu.

Zoezi linalofaa zaidi hapa halina gharama: nyota l Carinae katika kundi la Mkuku hupanda na kushuka mwangaza kila siku 35.5, na kwa macho matupu hulinganishwa na jirani zake. Makadirio huanza Januari usiku wa manane, hukatizwa na mawingu ya masika, na hurudiwa mapema jioni mwezi Juni.