Mandhari na majengo ya serikali (Rwanda)

Ni fani ya kusanifu nyumba ya umma pamoja na ardhi inayoizunguka, ili mteremko, njia ya maji ya mvua, miti na upepo vihesabiwe kuwa viungo vya jengo tangu mchoro wa kwanza. Katika Rwanda, nchi ya vilima elfu, ni jambo la dharura.

Gashonga

Umurenge (ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya) wa Wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi, katika eneo la mkoa wa zamani wa Cyangugu. Ni nchi ya vilima na mvua nyingi, hivyo fani hii yaihusu hasa; ndimo ilimo Hospitali ya Mibilizi.

Hospitali ya Butaro

Mfano wa fani hii ulio mashuhuri kuliko yote umo kaskazini mwa Rwanda, Wilaya ya Burera, ambako Wizara ya Afya, kwa ushirika wa shirika la afya la Partners In Health na kwa usanifu wa MASS Design Group, ilifungua mwaka 2011 hospitali ya vitanda 140, katika wilaya iliyokuwa na watu wapatao 340,000 ambayo hapo kabla haikuwa na hospitali yake. Kiwanja ni kilima kilichokuwa kambi ya askari. Majengo yakapangwa kwa daraja kufuata mteremko, bustani zikiwa kati yake, na mti mkubwa wa umuvumu, jamii ya miti iliyopandwa tangu kale penye maboma ya wafalme, ukahifadhiwa kwa taadhima. Misingi ilichimbwa kwa mikono ya wenyeji, nao waashi wakayachonga na kuyapanga kwa ustadi wa ajabu mawe meusi ya volkano, ambayo mkulima wa penye milima ya Virunga huyaona kuwa adha shambani. Korido za ndani, ambamo hewa yenye vijidudu vya kifua kikuu hutuama, ziliachwa, zikawekwa baraza zilizo wazi. Madirisha ya juu na feni kubwa huitoa hewa chafu, na vitanda vimeelekezwa madirishani ili mgonjwa alitazame bonde. Fadhila kubwa ya jengo hili ni kwamba kilima chenyewe kimetiwa katika tiba.

Hali ya sasa

Kituo cha saratani kilifunguliwa Butaro mwaka 2012, na kampasi ya chuo kikuu cha afya mwaka 2019. Ofisi ya umurenge kama Gashonga haihitaji mali ya Butaro ili kufuata mwendo huo: yatosha mteremko na mikondo ya maji vipimwe kabla ya ukuta kuchorwa, miti iliyopo ihesabiwe, na mawe ya mahali hapo yapewe waashi wa hapo hapo.