Albamu iliyomlaani Ibilisi, ikalaaniwa na waumini

Oktoba 1986 maduka ya muziki ya Marekani yalipokea santuri yenye picha ya malaika wanne wenye nywele ndefu, wanaofanana mno na wanabendi wenyewe, wakimtupa Ibilisi motoni. Bendi ilikuwa Stryper ya Orange County, California. Jina la albamu lilikuwa To Hell with the Devil, yaani Ibilisi na atokomee jehanamu. Mtu angetarajia kanisa lipige vigelegele. Badala yake yalizuka manung'uniko, picha ikaondolewa, na matoleo yaliyofuata yakauzwa katika jalada jeusi tii lenye nembo ya bendi tu. Kama kuna aliyefurahia mabadiliko hayo, labda ni huyo huyo aliyekuwa akitupwa motoni.

Nusu ya historia ya albamu hii imo ndani ya santuri. Nusu ya pili imo vinywani mwa watu: walioipenda, walioichukia, na lile kundi kubwa lililotoa hukumu bila kusikiliza hata wimbo mmoja. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Kwa miaka mingi, karibu kila aliyeizungumzia alikuwa anazungumzia kitu kingine: mavazi, nywele, jina, Biblia zilizorushwa hewani. Muziki ulibaki ukisubiri zamu yake.

Tukumbuke wakati wenyewe. Mwaka 1985 wake wa wanasiasa wa Washington, akiwemo Tipper Gore, mkewe Seneta Al Gore, walianzisha kikundi cha PMRC kudai kwamba kaseti na santuri ziwekewe alama ya kuwaonya wazazi. Septemba mwaka huo suala likafika mbele ya kamati ya Seneti. Orodha ya nyimbo walizozilalamikia ilikuwa na bendi za metali kama Judas Priest, W.A.S.P. na Venom. Makanisani hali ilikuwa kali zaidi. Wahubiri walizunguka wakieleza kwamba santuri fulani zikichezwa kinyumenyume zinatoa sifa za shetani, na mahali pengine vijana walihimizwa walete santuri zao zichomwe moto hadharani. Gitaa la kukwaruza lilikuwa ushahidi tosha wa upotovu. Msomaji aliyewahi kuwaona wazee wa kanisa wakibishana kama ngoma na gitaa la umeme vinafaa kukaribia madhabahu hatapata shida kuielewa hofu hiyo, ingawa ya Marekani ilikuwa na televisheni na Seneti nyuma yake.

Roki ya Kikristo haikuwa jambo geni. Larry Norman alikuwa ametoa Upon This Rock mwaka 1969, na Resurrection Band ya Chicago ilipiga roki nzito tangu miaka ya 1970. Stryper, hata hivyo, walikuja kwa mlango mwingine. Ndugu wawili, Michael Sweet aliyeimba na kupiga gitaa na Robert Sweet aliyepiga ngoma, walianzia katika vilabu vya usiku vya Los Angeles wakiitwa Roxx Regime, na kando yao alikuwepo Oz Fox kwenye gitaa. Mistari ya manjano na nyeusi kama ya nyigu walikuwa nayo tangu enzi hizo, kabla mtu yeyote hajaipa maana ya kiroho. Mwaka 1983 rafiki mmoja aliwahimiza wamrudie Mungu na kumpa muziki wao. Walikubali. Tim Gaines akashika besi, bendi ikabadili jina, na mistari ikaunganishwa na Isaya 53:5, andiko la mapigo yanayoponya. Nembo yao ikabeba rejeo hilo la Isaya.

Kisha likaja jambo la Biblia. Katika kila onyesho waliwarushia watazamaji nakala za Agano Jipya, kama bendi nyingine zilivyorusha vijiti vya ngoma na vifaa vya kupigia gitaa. Robert Sweet aligeuza seti yake ya ngoma upande ili watu wamwone akipiga. Nywele zilipandishwa juu, uso ukapakwa vipodozi. Walitoa The Yellow and Black Attack mwaka 1984 kupitia Enigma, kampuni ya kawaida ya muziki isiyo ya kanisa, na Soldiers Under Command mwaka 1985. To Hell with the Devil ilipotoka, kila upande ulikuwa umeshachagua msimamo wake.

Hukumu iliyosikika zaidi ilitoka kwa Jimmy Swaggart wa Baton Rouge, Louisiana, mmoja wa wahubiri wa televisheni waliotazamwa na watu wengi zaidi nchini humo. Mwaka 1987 alitoa kitabu kizima kuishutumu roki ya kidini, akiifananisha na mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo. Kuhusu Stryper na Biblia zao alilielekeza jicho kwenye Mathayo 7:6: kurusha Neno kwa umati wa namna ile ni kutupa lulu mbele ya nguruwe.

Hapa ndipo kisa kinapokolea. Ndugu Sweet waliokoka mwaka 1975 wakiwa bado watoto, mbele ya televisheni, wakimtazama Jimmy Swaggart. Mhubiri aliyewalaani ndiye aliyewaleta kwa Kristo. Na kuna zaidi ya hapo: Swaggart mwenyewe alikuwa mpiga piano hodari, na binamu yake aliyekua naye katika mji mdogo wa Ferriday, Louisiana, alikuwa Jerry Lee Lewis, mmoja wa waasisi wa rock and roll. Anayesikiliza mkono wa kushoto wa Swaggart katika nyimbo zake za injili anasikia mdundo uleule uliomfanya binamu yake kuwa nyota na kashfa ya miaka ya 1950. Mhubiri yule aliujua muziki wa dunia kutoka ndani ya ukoo, na nadhani ndiyo sababu aliuogopa kuliko wahubiri wenzake. Februari 1988 yeye mwenyewe alisimama mbele ya waumini na kamera akilia na kuungama dhambi, baada ya kukutwa na kahaba. Mashabiki wa Stryper hawakuisahau siku hiyo, lakini kashfa ya mshtaki haithibitishi kwamba mshtakiwa hana kosa, na hoja ya lulu na nguruwe ilistahili kujibiwa kwa hoja. Jibu la bendi lilikuwa rahisi: waliokuwa wakiokota vile vitabu sakafuni hawakuwa watu wa kuonekana kanisani Jumapili. Mimi naliona jibu hilo lina uzito kuliko andiko lililotumiwa kuwapiga nalo.

Upande wa pili wa ukumbi hali haikuwa nafuu. Mashabiki wa metali waliona bendi hii ni ya kuchekesha. Tuwaelewe: mwaka 1986 ulikuwa mwaka wa kasi na giza. Metallica walitoa Master of Puppets mwezi Machi. Slayer walitoa Reign in Blood mwezi uleule wa Oktoba, nusu saa hivi ya muziki wa kasi ya kutisha. Kijana aliyetoka kusikiliza Slayer kisha akawekewa Sing-Along Song ya Stryper, wimbo ambao kiitikio chake kimetengenezwa ili umati uimbe ukipunga mikono, alikuwa na haki ya kuuliza kama hizo mbili ni fani moja. Wengine walichukia mahubiri yenyewe. Metali kwao ilikuwa mahali pa kumkimbia mchungaji, na sasa mchungaji alikuwa amewafuata hadi humo akiwa amevaa suruali ya kubana.

Kundi la tatu halikuandika vitabu wala kushika mabango ya kupinga nje ya kumbi. Lilinunua tu. To Hell with the Devil ilifika nafasi ya 32 katika chati ya albamu ya Billboard na kupewa cheti cha platinamu kwa mauzo ya nakala milioni moja, jambo ambalo metali ya Kikristo haikuwa imelifikia kabla yake. Video za Calling on You na Free ziliombwa mno kwa simu na watazamaji wa MTV. Honestly, wimbo wa piano na sauti laini usiomtaja Mungu waziwazi, ulifika nafasi ya 23 katika chati ya nyimbo. Kwa kijana aliyelelewa katika familia ya walokole, albamu hii ilikuwa kibali. Mama akifoka kuhusu kelele chumbani, unamwonyesha Isaya 53:5 kwenye jalada.

Sasa muziki wenyewe. Ukiondoa mistari na mabishano, unachosikia ni roki ya melodia ya katikati ya miaka ya 1980, jirani na Slippery When Wet ya Bon Jovi na The Final Countdown ya Europe, ambazo nazo zilitoka mwaka uleule. Baada ya utangulizi mfupi wa vyombo, wimbo wenye jina la albamu unaingia kwa gitaa zito, na sauti ya Michael Sweet inapanda hadi mahali ambapo waimbaji wengi wa kiume hawafiki bila kuumia. Magitaa mawili, lake na la Oz Fox, yanapiga melodia sambamba kwa usafi wa hali ya juu. Besi haikupigwa na Tim Gaines: alikuwa nje ya bendi kwa muda wakati wa kurekodi, na Brad Cobb akaifanya kazi hiyo, ingawa picha zinamwonyesha Gaines. The Way ndio wimbo wa kasi unaoweza kusimama mbele ya shabiki wa metali bila kuomba radhi. More Than a Man ni tangazo la imani lisilo na kificho hata kidogo. All of Me ni tamu kupita kiasi, na Honestly imechezwa mno kiasi kwamba ni vigumu kuisikia upya. Maneno ya nyimbo kwa jumla ni mepesi, na sidhani kama kuna atakayebishana sana juu ya hilo. Ni albamu nzuri, yenye nyimbo tano au sita bora sana. Si kufuru, wala si muujiza.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi ilivyo vigumu kumridhisha msikilizaji. In God We Trust ya mwaka 1988 ilipata cheti cha dhahabu, lakini ilikuwa laini zaidi, na hata mashabiki waaminifu walilalamika kwamba gitaa limezamishwa chini ya kinanda na sauti za pamoja. Bendi ikasikia. Mwaka 1990 ikatoa Against the Law, iliyotayarishwa na Tom Werman, mzoefu wa kazi za Mötley Crüe. Manjano na meusi yakatupwa, ikavaliwa ngozi nyeusi. Magitaa yakarudi mbele, ngoma zikawa nzito, na ukawemo hata wimbo wa Earth, Wind & Fire, Shining Star. Maneno ya Mungu yakatoweka karibu yote.

Kwa masikio tu, Against the Law ni kazi yao imara kuliko zote za kipindi hicho, na leo wasikilizaji wengi wa metali wanakiri hivyo. Wakati ule ilianguka. Watu wa kanisa walihisi wamesalitiwa, na watu wa metali hawakuja, maana kwao Stryper walikuwa bado wale wa mistari na Biblia. Waliokuwa wakisema mavazi na mahubiri ndivyo vinavyoharibu muziki walipewa muziki mtupu, nao hawakuununua. Mwaka 1992 Michael Sweet aliondoka, na bendi ikafa kwa takriban muongo mmoja.

Ubishi wenyewe haukufa, ulihamia kwa wengine. Mwaka 1994 ilitoka Hellig Usvart ya mradi ulioitwa Horde, kazi ya mtu mmoja, Jayson Sherlock wa Australia, aliyetumia mtindo wa black metal wa Norway kumsifu Kristo. Safari hii waliokasirika hawakuwa wachungaji. Kampuni ya Nuclear Blast ya Ujerumani ilipokea vitisho kutoka kwa watu waliodai itaje jina la aliyethubutu kuugeuza muziki wao. Ukilinganisha na hayo, bango la mlokole nje ya ukumbi wa Stryper linaonekana kama salamu.

Stryper walirudi pamoja miaka ya 2000 na hawajaacha kutoa albamu tangu hapo. Mwaka 2016 walizunguka wakipiga To Hell with the Devil nzima, kutimiza miaka 30, wakiwa ndani ya manjano na meusi. Miaka miwili baadaye walitoa God Damn Evil, jina linalomwomba Mungu aulaani uovu, na maduka ya Walmart yakakataa kuiweka rafuni kwa sababu ya jina hilo. Zilikuwa zimepita zaidi ya miongo mitatu, na hukumu ilikuwa bado inatolewa kwa kusoma jalada.

Anayetaka kuihukumu albamu ya 1986 mwenyewe asianze na jalada lolote, la malaika wala jeusi. Aanze na The Way, aende kwenye Calling on You, kisha More Than a Man. Honestly aiache hadi mwisho.